Mzee kaambiwa achague: "mchepuko" wa tumbo au stenti. Wenye uzoefu naombeni msaada

NdiziMshale

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, simu ina chaji asilimia 20, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Baba yangu ana miaka 68, mkulima wa kahawa na migomba huko Rombo. Kuanzia Desemba akawa analalamika tumbo limejaa. Vijiko vinne vya mtori, anasukuma bakuli. Sisi tukajua ni vidonda vyake vya siku zote, duka la dawa likamuuzia omeprazole wee mpaka basi. Mwezi wa pili akaanza kutapika, na siyo kutapika ninakokujua mimi. Anashinda vizuri mchana kutwa, jioni anaomba beseni, anatoa lita nzima kwa mkupuo mmoja, kisha anafuta mdomo na kusema afadhali. Siku moja beseni nilishika mimi. Nikaona maharage. Tuliyala jana yake mchana, na yalikuwa mazima, maganda yake yapo. Hakukuwa na ile rangi ya kijani ya nyongo, ni chakula kilichochacha tu, harufu kama mbege iliyoharibika. Na akigeuka kitandani unasikia maji yanacheza ndani, kama dumu lililojaa nusu likiwa nyuma ya bodaboda.

Kilo 71 mwaka jana wakati wa mavuno. Leo 52.

Walimpima kwa kamera, wakakuta uvimbe kule chini mfuko wa chakula unapomwagia kwenye utumbo, kamera ikashindwa kupita. Kinyama kikaenda maabara, jibu saratani. CT skani ikaonyesha na vivimbe vitatu kwenye ini. Daktari akatuita mimi, dada na shemeji, akachora nyuma ya karatasi ya maabara: mfuko wa chakula kama kibuyu, na shingo ya chini akaipaka wino mweusi. Akasema hapa mlango umefunga, na kwa sababu ya ini hatuwezi kuukata wote ukaisha.

Akatupa njia mbili. Ya kwanza upasuaji: uvimbe unaachwa ulipo, wanavuta utumbo mwembamba na kuushona kwenye mfuko wa chakula juu ya palipoziba, chakula kipite pembeni. Mwenyewe aliuita mchepuko, kama barabara ya mchepuko, na shemeji akacheka, mtu wa kwanza kucheka katika siku tatu. Ya pili ni stenti, kibomba cha waya kinachojitanua, kinapitishwa mdomoni kwa kamera bila kupasua. Hicho hakipo stoo, mpaka tukiagize.

Kinachonichanganya ni hiki. Kama saratani inaachwa, tunampasua mzee wa kilo 52 ili iweje? Atatoka thieta? Halafu leo ni siku ya nne, ana mrija puani na dripu tu, hakuna kinachofanyika. Dada anasema wanamchelewesha makusudi, shemeji anataka tumhamishe kesho. Na baba mwenyewe hajaambiwa neno saratani, anajua ana "uvimbe".

Nawasilisha.

MitiShamba Asilia

Pole kaka. Msikubali kisu, kisu kikigusa tu kinaisambaza. Nina dawa ya unga, anakoroga kwenye maji mara mbili kwa siku, wiki tatu uvimbe unayeyuka. Nitafute faragha.

Sista Mstaafu

Wewe wa unga, mgonjwa hapitishi hata maji matupu. Huo unga wako utapita wapi?

NdiziMshale mwanangu, pole sana. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka 27, hospitali tatu tofauti, na wagonjwa wa aina ya baba yako nimewapokea wengi, karibu wote wakiwa na mfuko wa omeprazole kwenye begi. Aliyeshika picha za mzee ni daktari wake, siyo mimi. Nakueleza niliyoyaona ili ukirudi kwake uulize kinachofaa.

Naanza na dripu kwa sababu ndiyo inayogombanisha ndugu na wauguzi kila wodi. Tumbo la mtu, hata asipokula kitu, linatengeneza maji yake kama lita mbili kwa siku. Ongeza mate anayomeza, lita nyingine hiyo. Kwako na kwangu yanateremka na kufyonzwa huko chini. Kwa baba yako hayana pa kwenda, yanaishia kwenye beseni. Na yanayotoka siyo maji ya kisima: ni asidi, yamebeba kloridi, na figo katika kuhangaika kufidia zinamwaga potasiamu kwenye mkojo. Potasiamu ikiwa chini, mtu akipewa nusu kaputi moyo unaweza kuanza kupiga ovyo mezani. Daktari wa usingizi anayejua kazi yake hampokei mgonjwa huyo. Atamrudisha wodini, na nyie mtasema amewadharau.

Kwa hiyo kesho asubuhi usiende na shemeji kugombana. Nenda kwa sista wa zamu, muulize kwa upole: potasiamu ya leo ni ngapi? Mkojo wa tangu jana ni kiasi gani? Mrija umetoa nini? Akikufungulia faili na namba zipo, basi kazi inafanyika, tena kazi kubwa. Ukikuta siku nne hakuna aliyepima damu, hapo mna haki ya kupandisha sauti, na mimi nitawasindikiza.

Mrija wa puani nao watu wanauchukia, wanaona ni mateso. Nakumbuka mzee mmoja tulimwekea saa mbili usiku, mpaka alfajiri ulikuwa umetoa lita tatu na mabaki ya makande. Mwanawe akanishutumu kwamba nimemnywesha baba yake maji usiku. Mfuko wa chakula uliovutika miezi miwili unalegea kama puto la sherehe ya wiki iliyopita. Kuta zake zimevimba. Ukishonwa hivyo hivyo mshono haushiki vizuri, na hata ukishika tumbo halisukumi. Linaoshwa, linapumzishwa, ndipo linashonwa. Na kama kuna mtu anampa zile dawa za kusukuma tumbo ili "lifunguke", uliza. Mlango ukiwa umeziba kabisa, kusukuma ni kumwongezea maumivu.

Sasa, upasuaji wa nini kama saratani inabaki. Asikudanganye mtu, mchepuko hauponyi saratani. Unaondoa beseni. Mtu anakula, anakunywa, analala usiku bila kuamka kutapika, anarudi nyumbani akakae chini ya mgomba wake. Na kama madaktari wa saratani wataona anafaa kupewa dawa za saratani za kupitia mshipani, angalau ana mwili wa kuzipokea. Dawa hizo hazimsaidii mtu asiyekula. Hiyo habari kwamba kisu kinasambaza saratani naisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Ya baba yako ilishafika kwenye ini kabla hajamwona mpasuaji yeyote.

Ila nikuambie kitu ambacho madaktari hukisema harakaharaka wakiwa wanaondoka: baada ya upasuaji huu tumbo linachelewa kuamka. Siku tano, siku saba, wakati mwingine wiki mbili, mrija unaendelea kutoa lita kwa siku na ndugu wanasema "mmeshindwa". Mara nyingi mshono uko salama na njia ipo wazi, ni tumbo limezubaa. Linahitaji subira, potasiamu (tena!) na mgonjwa kuinuka kitandani. Lakini yapo mabaya ya kweli pia. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka, mapafu ya mtu dhaifu yanashika nimonia, na pale paliposhonwa panaweza kuota kidonda, ndiyo maana omeprazole itaendelea. Na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Nimewaosha mwenyewe.

Mtu wa kutopasuliwa namjua hivi: tumbo limejaa maji ya saratani, au mbegu zake zimetapakaa kwenye utando mpaka utumbo wa chini nao umebanwa sehemu nyingine, au mgonjwa hatoki kitandani kabisa hata kwenda msalani. Huyo ukimfungulia mchepuko juu, chakula kitakwama chini. Baba yako anatembea? Anajiogesha? Hilo ndilo daktari atakuuliza, na ndilo la kumwambia hata asipouliza.

La mwisho. Mwambieni baba. Fomu ya upasuaji anasaini yeye. Nimeona wazee wakisaini wakidhani wanakwenda kukatwa uvimbe na kupona, mwezi wa tatu wanakuuliza kwa nini wanakonda. Sina jibu la kumpa mtu wa namna hiyo.

MkweMwema

Mimi niko Nairobi. Nakupa upande wa stenti, kwa sababu ndiyo tulichagua kwa mama mkwe.

Yake ilikuwa saratani ya kongosho. Alianza na macho ya manjano, tumbo likafuata kufunga baadaye. Alikuwa amekonda vibaya na tumbo lina maji, daktari wa upasuaji akamwangalia dakika mbili tu, akasema huyu simgusi. Wakatangulia kumwekea stenti ya njia ya nyongo, halafu ndipo ya chakula. Walituelezea kwamba ukianza na ile ya chakula inafunika mlango wa nyongo, na kuupata tena kupitia zile waya ni kazi ngumu. Kwa hiyo kama mzee wako ana manjano, uliza mpangilio huo mapema.

Aliingia Jumanne asubuhi, Jumatano jioni alikunywa uji kikombe kizima na hakutapika. Tulilia sote, hata bwanangu, na yeye si mtu wa kulia. Ijumaa tulikuwa nyumbani.

Wiki ya sita hivi shemeji yangu akampikia sukuma wiki, ile ya majani marefu hayajakatwa vizuri. Ikazunguka kwenye waya kama nyasi kwenye kichujio cha bafu. Tukarudi, kamera ikatoa. Mwezi wa tatu ikaziba tena, lakini safari hii ilikuwa saratani yenyewe imepenya kwenye matundu ya waya, ikabidi stenti ya pili iingizwe ndani ya ya kwanza. Alituacha mwezi wa tano, akiwa kitandani kwake.

Sijutii hata kidogo, kwake hakukuwa na njia nyingine. Ila ujue kila kuziba ni safari, ni pesa, ni usiku wa kukaa na beseni ukingoja kuche.

Kisu na Uzi

Shikamoo Sista. Umesema yote, naongeza machache tu, niko mapumziko ya zamu.

Mkuu NdiziMshale, kuna madaktari wa Uholanzi walilinganisha haya mawili, kura ikiamua mgonjwa yupi apate lipi, matokeo yakatoka 2010. Wagonjwa 39: 18 wakafanyiwa mchepuko, 21 wakawekewa stenti. Wa stenti walirudi kula mapema, kwa wastani wa katikati siku 5 dhidi ya 8. Lakini mbele ya safari ikageuka: waliopasuliwa walipata siku nyingi zaidi za kula walau chakula laini, 72 kwa 50, na wa stenti ndio waliorudi zaidi kwa matatizo makubwa na kuziba upya. Wakahitimisha kwamba anayetarajiwa kuishi miezi miwili au zaidi apasuliwe, chini ya hapo stenti. Ni watu wachache, sawa, lakini ndivyo wengi wetu tunavyopima mpaka leo. Kwa hiyo swali gumu la kumuuliza daktari wenu ni hilo: kwa makadirio yake, mzee ana muda gani? Atajikunakuna kichwa. Mng'ang'anieni.

Kuhusu upasuaji wenyewe: tunahesabu kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba, kinatosha kufika juu bila kuvutwa, tunakipitisha mbele ya utumbo mpana na kukishona kwenye mfuko wa chakula mbali na uvimbe. Mbele, siyo nyuma, kwa sababu saratani ikikua huko nyuma inaweza kuja kukibana. Wengine hukata mfuko wa chakula nusu ya upana pia, wakiacha kijia kidogo, ili chakula kisiendelee kwenda kugonga mlango uliofungwa. Inaonekana kupunguza lile zubao la tumbo alilosema Sista. Inaweza kufanywa kwa matundu madogo pale penye vifaa na mtu aliyezoea, lakini kwa mzee wako usikatae upasuaji wa wazi kwa ajili ya hilo tu. Si jambo jipya hata kidogo. Wa kwanza aliufanya daktari Wölfler, msaidizi wa bingwa wa upasuaji Billroth, huko Vienna, Septemba 1881, baada ya kufungua tumbo na kukuta saratani ya mlango huu huu haikatiki.

Siku hizi kuna njia ya tatu: kamera yenye ultrasaundi inatoboa kutoka mfuko wa chakula hadi utumbo uliolala jirani yake na kuacha kistenti kifupi chenye midomo mipana pande zote mbili, kama spuli ya uzi. Mchepuko bila kisu, na hauzibi haraka kwa sababu haupiti ndani ya uvimbe. Kifaa ni ghali na mikono ya kuifanya ni michache. Kwa macho yangu nimeiona kwenye video tu. Ukiambiwa ipo mahali, sikiliza. Isiwe sababu ya kumzungusha mzee nchi nzima akiwa na mrija puani.

Na kumhamisha kesho: dripu itakatika njiani, mtaanza upya siku ya kwanza kwingine.

NdiziMshale

Shikamoo zote ziende kwa Sista. Naleta mrejesho, najua nimekaa kimya siku 15.

Asubuhi ile nilienda kuuliza namba kama ulivyosema. Sista wa zamu akaniangalia kama vile nimemtukana, kisha akafungua faili. Potasiamu siku ya kwanza 2.4, siku ile 3.3. Alisema wanataka ivuke 3.5. Nikampigia dada simu, nikamsomea. Akanyamaza, akauliza, "Kwa hiyo walikuwa wanamtibu?" Shemeji akarudisha gari la watu.

Baba tulimwambia Jumapili, baada ya padre kutoka. Niliongea mimi. Nilizunguka sana, nikataja mlango, nikataja ini. Akaniacha nimalize, akasema kwa Kichagga kwamba alishajua tangu siku yale maharage yalipotoka, kwamba mwili usiokubali maharage umeshaaga. Kisha akauliza swali moja tu: ni ipi itakayomfanya asirudi tena hapa? Daktari akasema kwa kukadiria kwake mzee ana miezi kadhaa, anatembea, tumbo halina maji. Akasaini mchepuko mwenyewe, saini ile ya chama cha ushirika, yenye mkia mrefu.

Alikaa thieta saa mbili na nusu. Siku ya 4 mrija ulitoa lita moja na nusu, siku ya 5 vilevile, siku ya 6 vilevile, na hapo nilifungua uzi huu nikasoma upya yale ya "tumbo limezubaa" mara tatu. Siku ya 8 ikashuka mililita 300. Siku ya 9 wakaufunga wamjaribu, akanywa maji vijiko, yakakaa. Juzi uji. Jana usiku alilala mpaka saa kumi na moja.

Kesho tunatoka. Sista, wamesema "chakula laini" na basi. Mama ameshachinja kuku kule nyumbani na anataka kupika mtori wa nguvu. Nimwambieje?

Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu, na baba yako mpe salamu za mtu asiyemjua.

Mama apike, asikatazwe. Ndizi zichemke mpaka ziishe, zipondwe zilainike, mchuzi uwe mwingi. Kuku aondolewe mifupa na ngozi na asagwe, zisibaki nyuzi za nyama. Ampe bakuli dogo, lile la chai, mara sita kwa siku, siyo sinia moja mchana. Ale amekaa kitako na asilale mpaka nusu saa ipite. Akisema nimeshiba baada ya vijiko vitano, ameshiba, msimbembeleze. Mara mojamoja anaweza kusikia uchungu wa nyongo mdomoni, njia ya sasa inaruhusu nyongo kupanda, isiwatishe. Akitapika mara mbili siku moja, homa, choo cheusi kama lami, au tumbo likaanza tena kucheza kama lile dumu, rudini siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Maharage bado. Baadaye yakipondwa na kuchujwa maganda, kijiko kimoja, na unijulishe.